Kutofautisha Buluu Nne za Kale kwa Hadubini ya Nuru Polarishi

Mhifadhi wa michoro anayejifunza akiletewa chembe za buluu chini ya hadubini hukimbilia kutaja jina la rangi, na mara nyingi hukosea. Nami nilikosea hivyo hivyo, nilipoiita smalti kwa jina la altramarini kwa sababu tu ilikuwa buluu nzuri. Kwa hiyo katika mafunzo yangu jina ndilo linaloandikwa mwisho. Tuchukue mfano wa buluu nne za wachoraji wa Ulaya: azuraiti, smalti, altramarini na buluu ya Prussia.

Hatua ya 1: Andaa slaidi za marejeo. Tengeneza slaidi ya kila rangi ambayo asili yake unaijua, kisha tengeneza nakala nyingine zenye namba badala ya jina, za kumjaribia mwanafunzi. Kwa altramarini ya viwandani si lazima uagize mbali. Bluu ya unga ya kufulia, ile ambayo bibi zetu waliitia katika maji ya kusuuzia nguo nyeupe, kwa kawaida ni hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Chukua sampuli. Chembe ndogo kuliko nukta ya maandishi inatosha. Ichukue kwa ncha ya kisu cha upasuaji kutoka ukingoni mwa mahali palipokwisha kuharibika, na uandike papo hapo ilikotoka.

Hatua ya 3: Itandaze katika Meltmount 1.662, utomvu mwangavu wa kutengenezea slaidi unaoyeyuka kwa joto. Weka chembe juu ya slaidi, ifunike kwa kioo chembamba, pasha moto hadi nyuzi 65 hivi za Selsiasi, kisha uache Meltmount iliyoyeyuka ipenye chini ya kioo. Kabla haijapoa, bonyeza kioo taratibu kwa kifutio cha penseli huku ukikizungusha kidogo, ili chembe zilizogandamana ziachane. Bonge la chembe halisomeki, na ubingwa wa macho hauwezi kuliokoa.

Hatua ya 4: Tafuta mstari wa Becke. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi na wanafunzi. Namba 1.662 ni kipeo cha mpindo wa nuru cha Meltmount yenyewe, yaani kipimo cha jinsi inavyoipinda nuru, na kazi yetu ni kujua kama kipeo cha chembe kiko juu au chini yake. Ondoa analaiza (kichujio cha polarishi kilicho juu ya sampuli), punguza uwazi wa kondensa (lenzi ya chini ya jukwaa inayokusanya nuru), chagua chembe yenye ukingo mwembamba, kisha ongeza polepole umbali kati ya lenzi na slaidi: mstari mwangavu unaoizunguka chembe utasogea kuelekea upande wenye kipeo kikubwa. Mstari ukiingia ndani ya chembe, fikiria azuraiti, ambayo vipeo vyake ni kati ya 1.73 na 1.84. Ukitoka nje, umebaki na zile tatu, kwa kuwa altramarini ina takriban 1.50, smalti haizidi sana 1.55, na buluu ya Prussia ina takriban 1.56. Chembe nene yenye rangi nzito hudanganya, kwa hiyo rudia kwa chembe kadhaa.

Hatua ya 5: Rudisha analaiza, zungusha jukwaa. Azuraiti hung'aa na kuzimika kwa zamu. Zile tatu hubaki gizani muda wote. Ukiona vipande ving'avu visivyo na rangi kati ya chembe za altramarini, huenda ni kalisaiti iliyosalia kutoka katika jiwe la lapis lazuli, dalili ya altramarini ya asili.

Hatua ya 6: Tumia kichujio cha Chelsea, kichujio cha rangi kinachopitisha nuru nyekundu iliyokoza na ya kijani-njano tu. Buluu ya Prussia huonekana ya kijani iliyokoza. Altramarini na smalti huonekana nyekundu. Hizi mbili zitenganishe kwa umbo: smalti ni kioo cha kobalti kilichosagwa, chenye kingo kali na mivunjiko iliyopinda kama kombe, pengine na kiputo cha hewa ndani. Altramarini ya viwandani ni vichembe vidogo vya mviringo vinavyolingana.

Hatua ya 7: Sasa andika jina. Jina hilo lina uzito wa tarehe. Buluu ya Prussia ilipatikana Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, na altramarini ya viwandani ilianza kutengenezwa mwaka 1828. Ikionekana mojawapo katika picha inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1600, swali linalofuata ni kama sampuli ilitoka katika tabaka la awali au katika marekebisho ya baadaye. Smalti iliyopauka ndani ya mafuta inaweza kuonekana kama vigae vya kioo visivyo na rangi, na hiyo ithibitishe kwa kupima kobalti kwa miali ya eksirei kabla ya kutia sahihi ripoti.