Namna ya Kufuatilia Msimu wa Besiboli ya Ligi Ndogo Ukiwa Tanga

Anza kwa kuchagua timu moja, kwa mfano Durham Bulls wa jimbo la North Carolina, ambao ni tawi la Tampa Bay Rays, klabu ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani, katika Triple-A, ngazi ya juu miongoni mwa ngazi nne kuu za ligi ndogo za Marekani. Shabiki wa Coastal Union aliyezoea kuhesabu pointi pale Mkwakwani itambidi abadili jicho, kwa kuwa klabu mama humpandisha mchezaji wakati wowote, hata timu yake ikiwa katikati ya mbio za ubingwa. Kwa hiyo liandike jina la kijana anayekuvutia, kisha umfuate yeye. Msimamo wa ligi, kwa maoni yangu, ni jambo la pili.

Kwa kawaida timu mbili hukutana mara sita mfululizo, Jumanne hadi Jumapili, na Jumatatu ni mapumziko. Durham iko nyuma yetu kwa saa saba majira ya kiangazi, hivyo mchezo wa Jumanne saa moja jioni utausikia Tanga saa nane usiku wa kuamkia Jumatano. Sikiliza matangazo ya sauti, ambayo hula bando kidogo kuliko video. Ukishindwa kukesha, soma takwimu baada ya swala ya alfajiri, ukianza na mrushaji: aliwatoa wapigaji wangapi, na wangapi aliwapa kituo cha kwanza bure.