Jinsi ya kufunga turbo kwenye dizeli isiyokuwa nayo

Wakuu, somo hili ni la injini zenye pampu ya dizeli ya kizamani isiyo na kompyuta. Moshi mweusi, ambao turbo inasaidia kuupunguza, ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungulia, basi. Kinadharia kilo 1 ya dizeli inataka hewa kama kilo 14.5 iungue yote, ila kwenye injini halisi ukishuka chini ya 18 hivi moshi unaanza. Turbo inachukua nguvu ya ekzosi iliyokuwa inapotea bure na kuitumia kusukuma hewa ndani.

Hatua 1: Pima kompresheni (presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda). Ringi za pistoni zikiwa zimechoka turbo itamalizia kabisa, usinunue kitu kwanza.

Hatua 2: Turbo iendane na saizi ya injini. Kubwa sana inachelewa kuamka, ndogo inabana ekzosi ukikanyaga.

Hatua 3: Oili, na hapa ndo turbo nyingi zinapofia. Shafti inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea kwenye utando wa oili tu, na oili inarudi kwa uzito wake yenyewe, kwahiyo bomba la kurudishia liwe nene, lishuke moja kwa moja bila kona na liingie sampu (karai la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Likibana, oili inapenya kwenye sili, unaona moshi wa bluu unalaumu turbo kumbe bomba. Siku ya kuwasha mimina oili kwenye tundu la turbo, kata dizeli, piga stata mpaka oili ionekane inarudi.

Hatua 4: Intakula, yaani kipoza hewa kinachokaa kati ya turbo na injini. Turbo ikisukuma kwa presha ya bar 1 hewa inaweza kuvuka nyuzi 100, na hewa ya moto ni nyepesi. Ukiipoza inaingia nyingi zaidi, na oksidi za naitrojeni (gesi chafu za ekzosi) zinapungua pia.

Hatua 5: Funga geji ya presha na ya joto la ekzosi. Anza na bar 0.5, pampu usiiguse mpaka uone moshi umepungua, ndo uongeze dizeli kidogo kidogo huku joto kabla ya turbo lisikae juu ya nyuzi 700.

MASWALI

Mkuu nisipoongeza dizeli nguvu itapanda?
Kidogo tu. Faida yako hapo ni moshi na ulaji wa mafuta.

Injini yangu mgandamizo ni 22:1, itahimili?
Za turbo toka kiwandani nyingi ziko 16 mpaka 18, kwahiyo wewe baki kwenye hiyo bar 0.5. Kama haina nozeli za kurushia oili chini ya pistoni, dizeli usiongeze kabisa.

Kwanini tunaambiwa tusizime ghafla?
Ukizima oili inasimama na turbo bado ya moto, inaungulia kwenye beringi. Ukitoka kupanda mlima na mzigo iache ingurume taratibu dakika 1 au 2.