Jinsi kampuni ya ushauri inavyoomba malengo yake ya hewa ukaa yapitishwe na SBTi

Usitie saini barua ya ahadi, yaani ya kuahidi kuweka malengo ya kupunguza hewa ukaa, kabla hujapata data za safari za ndege. Kuitia saini ni kazi ya dakika chache. Ikishapokelewa, kampuni ina miezi 24 ya kuwasilisha malengo kwa Science Based Targets initiative, inayojulikana kama SBTi, shirika linalokagua kama malengo hayo yanaendana na sayansi ya tabianchi, na sehemu kubwa ya muda huo huliwa na kukusanya tiketi. Machi 2024 zaidi ya kampuni 200 ziliandikwa hadharani kuwa ahadi zao zimeondolewa. Kampuni inayouza ushauri ikiandikwa hivyo, wateja wake wanasoma.

Kampuni ndogo na za kati zina njia yao fupi, isiyodai barua ya ahadi wala lengo la muda mfupi la skopu 3, yaani hewa ukaa inayotolewa na wengine kwa sababu ya shughuli za kampuni, kama safari za ndege na huduma inazonunua. Kuwa na wafanyakazi chini ya 250 ni kigezo kimojawapo, si pekee, kwa hiyo vipitie vyote kabla ya kujiandikisha.

Skopu 1 (mnachochoma au kuvujisha wenyewe) na skopu 2 (umeme mnaonunua) hazisumbui sana. Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, hivyo jenereta iliyokunywa lita 3,000 kwa mwaka imetoa kama tani 8. Usisahau gesi ya viyoyozi: kilo moja ya R-410A ikivuja ni sawa na zaidi ya tani 2 za hewa ukaa. Muulize fundi alijaza kilo ngapi, si alikuja mara ngapi. Umeme uhesabu kwa uniti, si kwa shilingi, maana fedha ya LUKU au tokeni ina kodi na tozo ndani yake. Kama mwenye jengo ana mita moja kwa wapangaji wote, gawanya uniti kwa mita za mraba mnazokalia, na uandike ulivyogawanya.

Kazi yenyewe iko skopu 3. Ikifika 40% ya hewa ukaa yote ya kampuni, lazima uiwekee lengo linalogusa angalau 67% yake, na kampuni ya ushauri huvuka kiwango hicho kwa urahisi kwa sababu ya ndege na huduma inazonunua. Pitia makundi yote 15 ya skopu 3, hata yale utakayoandika sifuri, na kila sifuri ipe sababu.

Kwa ndege, mwombe wakala wa safari faili la tiketi, si jumla ya matumizi. Ukihesabu kwa fedha, nauli ikipanda utaonekana umechafua zaidi hata kama watu walisafiri kidogo, na punguzo la kweli halitaonekana kamwe. Kila mstari uoneshe kiwanja cha kuondokea, cha kutua, daraja la kiti, tarehe, na kama tiketi ilitumika. Aliyetoka Dar es Salaam kwenda London kupitia Nairobi ana vipande viwili, na kila kimoja kinahesabiwa peke yake, kwani kupaa hula mafuta mengi na safari fupi ina kizidisho chake (namba inayogeuza kilomita kuwa hewa ukaa) tofauti na ndefu. Kiti cha daraja la biashara kwenye safari ndefu huhesabiwa karibu mara 3 ya kiti cha kawaida. Tiketi iliyobadilishwa tarehe inaweza kuonekana kama tiketi mbili, kwa hiyo iondoe ya ziada kwa mkono. Halafu kuna tiketi alizonunua mteja, ambazo hazimo kabisa kwenye vitabu vya mhasibu. Aliyesafiri ni mfanyakazi wenu, basi zitafuteni kwenye karatasi za saa za mradi.

Vizidisho vya serikali ya Uingereza, ambavyo wengi huvitumia, hutolewa kila mwaka kwa sura mbili: pamoja na athari za ziada za ndege ikiwa juu angani, au bila hizo. Mwaka 2023 nyongeza hiyo ilishushwa kutoka mara 1.9 hadi 1.7. Mwaka wa msingi, yaani ule mnaoulinganisha na miaka mingine, ukitumia 1.9 na mwaka huu 1.7, karatasi itaonesha punguzo ambalo halikutokea. Chagua sura moja na uhesabu upya miaka yote.

Mwaka wa msingi usiwe 2020. Ndege zilikuwa chini kwa sababu ya korona, hivyo mwaka huo hauwakilishi kazi yenu, na kila mwaka unaofuata utaonekana kama kushindwa. Mwaka 2019 unafaa mkiwa na data zake. Kiwango cha chini kwa skopu 1 na 2 ni 4.2% ya mwaka wa msingi kila mwaka, kwa mstari ulionyooka: kutoka 2019 hadi 2030 ni 46.2%. Kuchukua mwaka wa karibuni, tuseme 2022, hakukupunguzii mzigo, kwani kikotoo cha SBTi bado kinahesabu tangu 2020 na kudai 42% kufikia 2030.

Mikopo ya kaboni, yaani kulipia punguzo la hewa ukaa lililofanywa na wengine, haihesabiwi kama punguzo. Wala hewa ukaa ambayo wateja waliokoa kwa kufuata ushauri wenu haihesabiwi, hata kama ripoti yenu inaitaja kwa fahari. Viondoe vyote viwili kwenye jedwali kabla ya kutuma. Hakikisha pia toleo la vigezo ulilojaza ndilo linalotumika siku ya kuwasilisha.

Malengo yakipitishwa, una miezi 6 ya kuyatangaza. Baada ya hapo toa takwimu kila mwaka, na yapitie upya angalau kila miaka 5. Mkinunua kampuni nyingine na hesabu ikayumba kwa 5% au zaidi, rekebisheni mwaka wa msingi pia, kwa hiyo faili la tiketi la kampuni mnayoinunua liombwe kabla ya kusaini mkataba, wakati wakala wake bado analo.