Una antibayotiki na bado panauma? Fanya hivi kabla hujameza kingine

Mimi nauza dawa hapa Mwanga, Kigoma, na hakuna siku inapita bila mtu kuniuliza eti panado, yaani parasetamo, haiui nguvu ya antibayotiki kama amoksilini? Haiui. Amoksilini na parasetamo unaweza kumeza hata pamoja, kwa glasi moja ya maji. Shida iko kwingine kabisa.

Hatua ya 1: mwaga dawa zako zote mezani. Zote, hata zile za juzi. Juzi kaja kijana wa Kibirizi, kang'olewa jino, ana bahasha tatu: amoksilini 1x3 (kidonge kimoja mara tatu kwa siku), metronidazo ambayo nayo ni antibayotiki, na parasetamo 2x3. Sasa usiku maumivu yakamzidi, akanunua mahali vidonge vya diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, iliyochanganywa na parasetamo, anameza 1x2, na kwa kuwa alikuwa na mafua akaongeza na dawa ya mafua 1x3 ambayo nayo ndani ina parasetamo. Tukahesabu wote pale kaunta: 6, 2, 3, ni 11, kila kimoja miligramu 500. Kwa mtu mzima mwisho ni 8 kwa saa 24! Yeye anajua anameza dawa tatu tofauti, kumbe ini linaona moja tu. Kwa hiyo soma yale maandishi madogo ya pembeni, sio jina kubwa la mbele.

Hatua ya 2: anza na parasetamo peke yake. Kidonge 1 au 2 vya 500, ukae saa 6 ndo umeze tena. Mtoto anapimwa kwa kilo zake, usimkatie cha kwako kwa makadirio, na aspirini chini ya miaka 16 hapana.

Hatua ya 3: ukitaka diklofenaki au ibuprofeni, jiulize kwanza. Una vidonda vya tumbo? Figo? Presha? Mjamzito? Basi acha, ongea na daktari. Kama huna, kula kwanza, hata ugali wa muhogo na dagaa kidogo, halafu chagua MOJA kati ya hizo mbili, usizipige pamoja. Ibuprofeni ya kununua mwenyewe isizidi miligramu 1200 kwa siku. Na kama antibayotiki yako ni sipro (siprofloksasini), useme dukani, maana ikikutana na hizi inaongeza hatari ya degedege, hasa kwa mwenye kifafa.

Hatua ya 4: saa. 1x3 ni kila baada ya saa 8, yaani saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Ya maumivu ukipona unaiacha, antibayotiki unaendelea mpaka siku ulizoandikiwa ziishe, hapa ndo wengi mnachanganya mnaacha zote siku ya pili. Pombe weka pembeni, ukiwa na metronidazo ndo kabisa.

Hatua ya 5: homa ikirudi kila panado inapoisha nguvu, nenda kapime malaria, usiendelee kuizima.

Choo cheusi kama lami, macho ya njano, midomo kuvimba: hospitali hapohapo. Na ukigundua umezidisha parasetamo nenda hata kama unajisikia mzima, siku ya kwanza ini huwa halisemi kitu. Beba na maboksi yake.