Mpwa wako hataki jembe? Mpeleke mnadani kwanza

Wajomba wenzangu wa Tandahimba, Newala, Masasi mpaka kule Nachingwea na Ruangwa, huku kwetu neno la mjomba lina uzito, saa nyingine kuliko la baba, shida ni kwamba neno lenyewe kila siku ni lile lile, "rudi shamba". Kijana kamaliza form four, anaendesha bodaboda ya mtu, ukimtajia shamba yeye anaona mgongo wa bibi yake ulivyopinda. Mimi nilimpigia kelele mpwa wangu miaka miwili sikuambulia kitu. Baadae nikabadilisha, ndo nawapa hapa.

Kwanza usimwambie chochote, mpeleke kwenye mnada wa korosho. Nendeni mapema mkakae chini ya mwembe na wakulima. Siku hizi wanunuzi wanashindana bei kwenye mfumo wa TMX, soko la bidhaa la mtandaoni, sio zile barua za bei za kwenye sanduku, ila wakulima bado wanakusanyika kusikia bei na kuikubali au kuigomea. Mwambie ahesabu watu wanaoingiza hela pale na hawana hata mkorosho mmoja. Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), mtu wa mizani, wapakiaji, dereva wa fuso, mtunza ghala, mama wa chai na maandazi. Halafu mtafutie nafasi amuone mpima ubora wa ghalani, huyo ndo aliyemmaliza mpwa wangu: anapima unyevu, anahesabu korosho zilizoingia kwenye kilo moja, anazikata katikati moja moja anaangalia kiini kimejaa au kimesinyaa au kimeoza, mwisho anapiga hesabu gunia la kilo 80 litatoa ratili ngapi za kiini. Mtoto alikuwa anakimbia hesabu shule, pale alisimama lisaa lizima.

Pili, usimchagulie. Mimi nilitaka akasomee ugani, yeye akasema anataka blowa, ile mashine ya kupulizia dawa mikorosho. Haya.

Na hii ya blowa niielezee vizuri maana ndo nyepesi kuanza. Wakulima wengi salfa ya ruzuku wanapata ila mashine hawana, na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu ambao salfa ndo dawa yake, hausubiri, maua yakishatoka ukichelewa umekwisha. Kijana mwenye mashine moja anazunguka mashamba ya watu kuanzia mwezi wa tano, wa sita huko. Salfa ya unga inapulizwa alfajiri, umande bado upo na upepo umelala, ukienda saa nne unampulizia jirani bure. Miwani, barakoa na nguo ya mikono mirefu sio mbwembwe, mpwa wangu siku ya kwanza alijifanya mwanaume akashinda anafikicha macho mpaka jioni. Petroli inachanganywa na oili kwa kipimo, akikisia tu pistoni inakwama na msimu wake umeishia hapo. Ila kinachoua hii kazi sio mashine jamani, ni "ntakulipa mnada ukifika". Msimu wa kwanza alipulizia karibu kijiji kizima kwa ahadi za mdomo tu, korosho zikauzwa, wengine hadi leo wakimuona wanapita njia ya nyuma. Kwahiyo daftari, jina, idadi ya miti, sahihi, na nusu mkononi kabla ya kuwasha.

Kama hataki kelele za mashine kuna miche. TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo pale Mtwara, ndo wenyewe kwa mbegu za korosho, akajifunze kubebesha, yaani kuunga kikonyo cha mkorosho bora kwenye mche, kisu kikali na mkono uliotulia vinatosha. Kubangua nako kupo, ajue tu kilo moja ya kiini inakula kilo nne au tano za ghafi, na mafuta ya ganda yanachuna vidole, apite SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza wamuelekeze mashine na vifungashio. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, ndo yananiuma roho, yanaozea chini, yanayopona yanaishia kwenye gongo, wakati juisi na jamu vinatoka.

Kitu kimoja msikubali aanzie, kangomba, ule ununuzi wa korosho kwa kificho nje ya mnada. Kumpimia bibi wa watu kwa bakuli mwezi wa njaa ni hela ya haraka kweli, lakini ni kosa, na ni dhambi.

Mtaji: halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, na haina riba. Wanataka kikundi kilichosajiliwa, sasa asichukue washkaji wa kijiweni kwa sababu tu wanacheka pamoja, akope pamoja na mtu ambaye angemuachia pikipiki.

Na usingoje korosho za mwezi wa kumi, minada ya ufuta inaanza mapema, mwezi wa sita hivi, mpeleke hiyo hiyo.

Mpwa wangu mwaka jana kaja kupulizia mikorosho yangu. Nikamwambia mjomba ntakulipa mnada ukifika, akatoa daftari.