Jinsi ya kutambua seluloidi halisi katika sanduku la negativi za zamani

Katika studio za zamani za Kampala na Jinja, katika ofisi za parokia na majumbani, bado yapo masanduku ya negativi ambayo watu huyaita kwa pamoja "seluloidi", ingawa jina hilo ni haki ya plastiki moja tu, nayo ndiyo inayoweza kuteketeza nyumba. Mchanganyiko wa nitroselulosi (selulosi ya mimea iliyotiwa asidi ya nitriki) na kafuri uliofanyiwa kazi na John Wesley Hyatt wa Marekani, aliyepata hataza mwaka 1870, ulipewa jina hilo na nduguye Isaiah: ni neno "selulosi" lililotiwa kiishio cha Kigiriki chenye maana ya "kinachofanana na". Tangu Kampuni ya Eastman (baadaye Kodak) ilipoanza kuuza filamu ya aina hiyo mwaka 1889, jina liliambatana na filamu zote, hata zile zilizokuja baadaye bila nitroselulosi ndani yake.

Kabla ya kugusa chochote, fungua madirisha, vaa glavu za pamba na uhakikishe hakuna sigara wala jiko karibu. Nakusihi pia uache jaribio la kuchoma kipande ili uone kinavyowaka, kwa sababu filamu ya nitrati, yaani ya seluloidi halisi, hubeba oksijeni yake yenyewe, na ikishashika moto huendelea kuwaka hata ikizamishwa majini.

Hatua ya kwanza ni kusoma ukingo wa filamu kwa kioo cha kukuzia. Ukiona neno SAFETY, filamu hiyo kwa kawaida ni ya asetati, plastiki ya usalama isiyo na nitroselulosi; ukiona NITRATE, jibu umelipata. Kwa negativi za bapa (za kipande kimoja kimoja, si za mkanda) za Kodak zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1949, tazama alama zilizokatwa kwenye ukingo karibu na pembe: alama ya kwanza kutoka pembeni ikiwa na umbo la V, filamu ni ya nitrati, na ikiwa na umbo la U, ni ya asetati. Kwa kidole chenye glavu unaweza hata kuihisi ncha ya ile V.

Hatua ya pili ni kupima umri na upana. Filamu ya milimita 16, ambayo Kodak iliitoa mwaka 1923, ilitengenezwa tangu mwanzo kwa plastiki ya usalama. Kodak iliacha kutengeneza nitrati mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo negativi za enzi za Idi Amin, kama zile za shirika la utangazaji la UBC zilizoonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda mwaka 2019, si za kuhofiwa kwa moto wa aina hii.

Hatua ya tatu ni kunusa, kwa mbali na kwa muda mfupi. Harufu ya siki ni ya asetati inayooza. Nitrati inayooza hugeuka rangi ya kaharabu, kisha hunata, na mwishowe huwa unga wa kahawia.

Ikibaki shaka, weka filamu mbele ya skrini ya kompyuta ndogo inayowaka na uitazame kupitia miwani ya jua yenye vioo vya polaroidi, ukiizungusha miwani taratibu: poliesta, plastiki nyingine ya filamu isiyo na nitroselulosi, hutoa rangi za upinde wa mvua, lakini nitrati na asetati hazitoi.

Zilizotambuliwa kuwa za nitrati zitenganishe na nyingine siku hiyohiyo, kwa kuwa mvuke wa asidi kutoka kwa moja huziozesha jirani zake. Zifunge katika bahasha za karatasi, si mifuko ya plastiki, na usiziweke chini ya paa la mabati lisilo na dari, maana nitrati iliyokwisha kuoza inaweza kujiwasha yenyewe katika joto la nyuzi 41 hivi. Zenye harufu ya siki zipige picha za kidijitali kwanza. Zilizokwisha kunata au kuwa unga zizamishe katika ndoo ya maji nje ya nyumba, uwaite zimamoto, wala usizitupe jalalani ambako taka huchomwa.