Piga hesabu ya king'amuzi kwa kilo za korosho

Mimi ni mweka hazina wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, hapa Newala kwenye korosho. Kila ukifika mwezi wa saba naletewa maombi yaleyale: mtu anataka mkopo wa palizi na wa kumlipa mpuliza salfa, dawa ya mikorosho, huku kwake king'amuzi hakijazimwa tangu msimu ulioisha. Ukimuuliza anakujibu, "Dada, kwani elfu kumi na tano kwa mwezi ni hela?"

Chukua daftari. Usianze na Januari kama wenye mishahara. Anzia mnada wa korosho wa Oktoba, ishia Oktoba nyingine. Fedha yetu inaingia miezi michache kupitia chama cha msingi cha ushirika, halafu kimya. Malipo ya kila mwezi yalibuniwa kwa mtu anayepokea kila mwezi.

15,000 mara 12 ni 180,000. Igawe kwa bei uliyobaki nayo mkononi baada ya makato. Tuseme 3,000 kwa kilo: king'amuzi kinakula kilo 60. Andika kilo, usiandike shilingi. Kilo umeziokota mwenyewe, mgongo unazijua.

Orodhesha na vingine: bando, sola, simu ya kulipia kila siku, hata nyimbo za miito. Hizo za miito hukata salio kimyakimya. Ingia kwenye menyu ya mtandao wako, tazama huduma ulizojiunga, jitoe. Ikishindikana wapigie huduma kwa wateja.

Sasa tenganisha malipo yenye mwisho na yasiyo na mwisho. Wengi huamini kulipa kidogo kidogo ndiyo nafuu. Tuseme simu taslimu ni 350,000. Kwa mkopo, kianzio 60,000 kisha 1,500 kila siku kwa mwaka. Jumla 607,500. Sikatazi, maana fundi anayeitwa kazini kwa simu huenda akairudisha hela yake, na deni lile lina siku ya mwisho. King'amuzi ulipie miaka kumi, mwezi utakaokosa picha inakata.

Na si televisheni peke yake. Netflix ilianza kutoza kwa mwezi mwaka 1999, enzi inatuma DVD kwa posta. Adobe ilitangaza mwaka 2013 kwamba programu zake za usanifu hazitatoka tena katika matoleo mapya ya kununua mara moja. Kampuni inataka kuijua hela ya mwezi ujao, na anayesahau kujitoa ni mteja mzuri kuliko wote. Tunadhani bei hufuata gharama zao tu. Inafuata pia kiasi unachoweza kuvumilia bila kulalamika.

Palipo na hasara kubwa ni kangomba, yaani kuuza korosho kwa magendo nje ya mnada. Mwezi wa nane mfuko mtupu, bando limeisha, na mtu anapita na fedha mkononi akitaka korosho zilizo bado mtini. (Najua ni marufuku. Na ninyi mnajua anapita.) Akikupa 1,500 kwa kilo, kupata 15,000 unamwachia kilo 10. Mnadani, kwa bei ya 3,000, zingekuletea 30,000. Kwa hiyo bando lako limekugharimu 30,000, hata risiti iseme vingine. Malipo yoyote ambayo mwezi wa nane yatakusukuma kangomba, yakate kwanza, kabla hata ya kuangalia lipi kubwa lipi dogo.

Kuna atakayesema, "Nimeshalipia miezi yote hii, nikiacha sasa si nimepoteza?" Ile hairudi, uache usiache. Jiulize mwezi ujao tu: kwa kilo 5, utautaka?

Ukiutaka, lipia. Ila chagua mwezi wenye mechi zako, usilipe kwa mazoea, na ukumbuke siku za kifurushi zinahesabika hata umeme ukikatika. Huku kwetu umeme ukianza kusumbua, subiri utulie ndipo ulipie.